Magofu na bahari kwa safari moja: namna ya kupanga Kilwa na Mafia ukitokea Dar

Mara yangu ya kwanza kwenda Songo Mnara tulifika maji yameshakupwa. Boti ilikwama mbali na mikoko, tukashuka na kukanyaga tope lililotufika magotini, mama mdogo ameshika viatu mkononi na kanga ameipandisha. Tulipoingia kwenye magofu jua lilikuwa la utosi. Tulikuwa tumechoka mno, hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za mji wa karne ya 14. Nahodha hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechagua tarehe kwa kutazama siku zangu za likizo na bei za vyumba, maji sikuyauliza.

Tangu hapo kila safari ya pwani naipanga kwa mpangilio mmoja: kwanza mwezi, halafu maji, halafu boti, vitanda mwisho. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo. Ni safari ya siku nane kwa familia au kundi la marafiki wanaotoka Dar es Salaam: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwanza, kisha fukwe za Mafia pamoja na mji wa kale wa Kua. Unguja naipenda, lakini kwenda Unguja hakuhitaji mwongozo. Barabara ya kusini ndiyo watu wanaiogopa bila sababu.

Chagua mwezi

Miezi bora kwa safari hii ni Oktoba hadi Februari. Kusi, upepo wa kusini, imeshalegea, bahari kati ya Kilwa na visiwa vyake imetulia, na ndiyo miezi ambayo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja karibu na Kilindoni, Mafia. Vuli hunyesha Novemba na Desemba, lakini mara nyingi ni mvua ya muda mfupi na siku huendelea. Januari na Februari ni kukavu na joto kali. Mwenye wazee au watoto wadogo achague Oktoba.

Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya baridi kidogo na kutembea kwenye magofu kunapendeza sana, ila kusi hupiga na boti ndogo huahirishwa. Ukienda miezi hiyo ongeza siku moja ya akiba kila upande. Faida yake ni kwamba ndicho kipindi cha kuona kasa wachanga wakianguliwa katika kisiwa cha Juani, jirani na Mafia.

Machi mwishoni hadi Mei usiende. Siyo tu kwamba utalowa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na watu wakakwama kwa siku kadhaa. Masika ya pwani hiyo siyo ya kujaribia na watoto.

Uliza maji

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Songo Mnara unaingiwa kupitia mikoko. Maji yakiwa yamejaa boti hukushusha karibu. Yakiwa yamekupwa unatembea kwenye tope. Kua nayo, iliyoko Juani, inataka maji. Sasa, bahari yetu ina tabia inayotabirika. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake asubuhi yote unayotaka kuitumia bahari inakimbia. Kila siku inayofuata saa za kujaa husogea mbele kwa dakika arobaini hivi hadi zaidi ya saa nzima. Kufikia siku ya tano au ya sita, maji yanajaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo asubuhi ya Songo Mnara.

Wenye kalenda ya Kiislamu ukutani kazi yao ni rahisi: lenga tarehe 5 au 6 za mwezi mwandamo, au 19 na 20. Usisogee hadi tarehe 8 au 9, kwa sababu hapo ni maji mafu, bahari haipandi sana na kwenye mkondo wa mikoko kina kinaweza kuwa kidogo.

Uzuri wa hesabu hii unauona Mafia. Ukiwa Songo Mnara tarehe 6, siku nne baadaye maji yanajaa mnamo saa sita au saa saba mchana. Unaondoka Utende, kijiji cha Mafia, saa nne bahari ikipanda, unafika Kua bila kuhangaika, na unarudi kabla haijashuka sana. Tarehe moja ukiipata sawasawa, nyingine inajipanga yenyewe.

Ukishapata tarehe zako, mpigie nahodha wa huko kabla hujalipia chochote umwulize, "Shikamoo mzee, tarehe fulani maji ya asubuhi yakoje?" Atakujibu papo hapo bila kutazama popote. Akikwambia sogeza siku moja, sogeza.

Panga siku zako

Mpango wangu uko hivi. Jumamosi kutoka Dar hadi Kilwa Masoko. Jumapili Kilwa Kisiwani. Jumatatu Songo Mnara. Jumanne asubuhi Kilwa Kivinje, mchana kurudi kaskazini na kulala Kibiti au Bungu. Jumatano kivuko cha Nyamisati kwenda Mafia. Alhamisi papa potwe. Ijumaa kisiwa cha Chole na Kua. Jumamosi kurudi Dar kwa ndege. Kama siku za kazi hazikubani, ongeza siku moja ya kulala tu ufukweni, iwe baada ya Kua.

Magofu yatangulie, na sababu yake ni ya miili yetu. Mtu akishazoea kulala kwenye mchanga hataki tena kuamka alfajiri kwenda kutazama kuta. Nimejaribu kinyume, nusu ya kundi ilibaki hotelini.

Idadi ya watu na pesa

Idadi nzuri ni sita hadi wanane. Gharama kubwa ya safari hii ni boti, na boti hulipwa kwa safari, si kwa kichwa. Wawili mtalipa karibu sawa na wanane. Kwa hiyo tafuta familia nyingine kabla ya kutafuta punguzo la hoteli.

Andika mafungu matano kwenye daftari: barabara na kivuko, boti, vibali pamoja na waongozaji, kulala, chakula. Kila fungu uliza bei mwenyewe wiki mbili kabla, kwa sababu mafuta yakipanda bei ya boti inabadilika. Kwa boti uliza mambo manne kwa mkupuo: bei ni pamoja na mafuta? Pamoja na kusubiri? Jaketi okozi zipo ngapi, na za watoto zipo? Injini ya akiba ipo? Mwenye majibu yanayosuasua kwenye jaketi okozi muache, hata akiwa wa bei poa.

Halafu ongeza fungu la sita la akiba kwa ajili ya kulala usiku mmoja zaidi bahari ikichafuka. Kilwa Masoko na Kilindoni kuna benki na mawakala wa pesa za simu, ila Utende, Chole na Kisiwani beba taslimu, noti ndogondogo.

Vibali

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na malipo hupita kwa namba ya malipo ya serikali. Fika na kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Hapohapo omba mwongozaji. Usivuke bila yeye. Magofu bila msimulizi ni mawe.

Mafia, Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini. Kuna lango na kiingilio cha kila siku. Weka risiti karibu.

Zoezi la nusu siku hapa Dar

Wiki moja kabla, wapeleke watoto Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Wakiona vyombo na sarafu kutoka Kilwa, watafika kule wakiwa na maswali. Kisha nendeni Kunduchi, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ambako bakuli za kauri kutoka Uchina zilipachikwa kwenye makaburi. Wakazi wengi wa Dar hupita barabara ya Bagamoyo miaka nenda rudi bila kujua yapo. Mchana vukeni Mbudya. Hiyo peke yake ni likizo ndogo ya kisiwa na magofu kwa mtu asiye na wiki nzima. Mwenye siku mbili aende Bagamoyo, kwenye magofu ya Kaole.

Zoezi hili pia litakuonyesha nani katika kundi anatapika kwenye boti. Mnunulie dawa mapema.

Barabara ya kusini

Ni kama kilomita 300 za lami hadi Kilwa Masoko. Ukiwa na gari lako toka saa kumi na moja alfajiri uivuke Mbagala kabla ya foleni. Kwa basi, uliza kwanza abiria wa kusini wanapandia wapi, Mbagala au stendi ya Magufuli kule Mbezi, maana si mabasi yote yanapita kote kuwili. Basi la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, na kutoka hapo unachukua gari dogo hadi Masoko.

Baada ya Ikwiriri mnavuka Rufiji juu ya daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Waambie watoto watazame. Kabla yake magari yalisubiri kivuko cha Ndundu, na mto ukifurika kusini yote ilikuwa kisiwa. Somanga ndipo pa kusimama kula samaki wa kukaanga na pweza.

Fikeni Masoko kabla ya alasiri. Jioni hiyo ina kazi mbili tu: kuthibitisha kibali na kuonana na nahodha uso kwa uso.

Kilwa Kisiwani

Kuvuka kutoka gati la Masoko ni mwendo mfupi, mashua za wenyeji zinavusha siku nzima. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, kila mtu na lita mbili za maji.

Cha kwanza kukupokea ni Gereza, ngome ya ufukweni. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome hapo. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wa karne tatu baadaye. Neno lenyewe gereza linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Hilo ni jambo la kuwaeleza watoto mkiwa mmesimama mlangoni.

Kutoka hapo nenda Msikiti Mkuu, na usiwe na haraka. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, tangu karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini yenye kuba na nguzo iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, Kilwa ilipokuwa inashika biashara ya dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na kupiga sarafu zake yenyewe za shaba. Yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ingia asubuhi mwanga ukiwa unapenya kati ya nguzo, kaa chini, nyamaza dakika kumi. Mimi ni mtu wa kusali na pale huwa nasikia kitu ambacho siwezi kukieleza kwa kalamu.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari. Watu wengi huiruka kwa sababu ya kutembea. Usiiruke. Ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331 na ambaye msafiri huyo alimsifu kwa ukarimu. Ina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa lenye pembe nane. Ukisimama kando ya bwawa lile, babu zetu wa pwani wanaacha kuwa aya ya kitabu cha shule. Walikuwa watu waliojenga mahali pa kuogea huku wakitazama jahazi zao zikiingia.

Adabu zake: kisiwa kina kijiji na watu wanaishi. Vaa nguo za heshima, kanga au kikoi begani, salimia kabla ya kupiga picha. Usipande juu ya kuta. Chokaa ya miaka mia saba haivumilii viatu. Vipande vya vyungu utaviona chini, viache vilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuviokota, na kipande kikihama mtafiti hawezi tena kukisoma. Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, na yakatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati.

Songo Mnara

Boti ya injini huchukua saa moja au zaidi. Ondokeni mapema mfike maji yakiwa juu, na saa tano asubuhi muwe mmesharudi botini. Kilwa Kisiwani ule msikiti ndio unaokushika. Hapa ni nyumba. Mji huu ulikaliwa hasa katika karne ya 14 na 15, na kwa kuwa haukujengewa juu unaona mpangilio wake wote: nyumba za mawe, nyua, misikiti, makaburi, uwanja wa katikati. Mwambie mwongozaji akupeleke kwenye nyumba moja akueleze chumba kwa chumba, wapi wageni walipokewa na wapi wanawake walikaa. Utaona jinsi baraza na ukumbi wa nyumba za waswahili wa leo vilivyotoka mbali.

Chakula beba mwenyewe. Mchana mkirudi, agizeni Masoko wali wa nazi na samaki wa kupaka, lakini mweleze mpishi asubuhi kabla hamjaondoka.

Kivinje kwa saa mbili

Mji huu ni wa huzuni na nisingependa upitwe. Karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa. Limebaki boma la Wajerumani, nyumba za kale zinazoanguka, na kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Baada ya hapo safari ya kurudi kaskazini huwa ya kimya, na ni sawa.

Kuvuka kwenda Mafia

Bungu ndipo barabara ya Nyamisati inapochepuka, na kivuko kinakwenda Kilindoni. Ratiba yake ulizia siku mbili kabla na tena jioni ya kuamkia safari, kisha fika mapema kukata tiketi. Wenye gari waulize nafasi ya gari tofauti na ya abiria. Wengi huliacha bara kwa mtu wanayemwamini. Kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo au mawimbi, lala Kibiti. Ile akiba ya fungu la sita ndiyo kazi yake.

Fikia Kilindoni usiku wa kwanza kama unataka papa potwe, maana boti zao hutoka upande huo asubuhi. Anakula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Kaa mbali naye mita tatu, usimguse, usimfungie njia kwa boti. Nahodha anayemkimbiza mwambie apunguze. Wewe ndiye unayelipa. Kisha hamieni Utende.

Siku ya Kua anzeni na Chole. Kuna magofu yaliyoshikwa na mizizi ya miti mikubwa, popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na mafundi wanaounda majahazi kwa mkono. Maji yakishapanda vukeni hadi Juani. Kua ilikuwa mji wenye kasri na misikiti kadhaa, ukaangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Mwongozaji atakusimulia pia kisa cha Kua na Kisimani, mji mwingine wa kale wa Mafia, cha jahazi lililoshushwa baharini juu ya miili ya watoto, na karamu ya harusi iliyokuwa kisasi chake. Ni masimulizi ya wazee na ni mazito. Kama watoto wako ni wadogo, mwambie mapema akiache.

Mzigo na afya

Viatu viwili: vya kutembea, na vya plastiki vya kuingia majini, kwa sababu ya mawe na miiba ya viumbe vya baharini. Kofia, tochi, dawa za kila mtu kwa siku kumi, kipimo cha malaria mkirudi mkisikia homa. Chandarua uliza kabla ya kulipia chumba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, bebeni vikapu.

Ndege ya Mafia kwenda Dar ni nusu saa hivi, na inapita karibu na delta ya Rufiji, ombeni dirisha. Mizigo ya ndege hizo ndogo ina kikomo, begi laini linakubalika kuliko sanduku gumu. Na rudini Jumamosi, msingoje Jumapili, ili ndege ikiahirishwa bado muwe na siku moja kabla ya kazi na shule.